Komisyo ya nyumba: mpangaji analipa, nani anamtumikia?

Anayetafuta nyumba ya kupanga mjini Lubumbashi, iwe Kampemba, Katuba au Ruashi, anaijua hesabu hata kabla ya kuvuka mlango. Kuna garanti ya mwenye nyumba. Kuna pesa ya mwendo kwa kijana anayemzungusha. Halafu kuna komisyo, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mzima. Nyumba ikiwa ya dola 150 kwa mwezi, dola 150 nyingine zinakwenda kwa komisyoneri siku ileile ya kupewa ufunguo, na hazirudi hata kama mvua ya kwanza itaonyesha kwamba mabati yanavuja.

Ukubwa wa pesa hizo unalalamikiwa kila siku. Jambo ambalo wakaaji wanauliza mara chache ni hili: zikishatoka mkononi mwa mpangaji, zinagawanywa namna gani, na kati ya nani na nani? Hapo ndipo penye kidonda.

Mara nyingi haziishii kwa mtu mmoja. Kijana aliyempeleka mteja si yule anayejuana na mwenye nyumba. Yeye ana mteja tu. Mwingine wa kartie ya pili ndiye mwenye habari ya nyumba, na wakati mwingine kati yao kuna wa tatu ambaye kazi yake ilikuwa kutoa namba ya simu. Siku ya malipo wote wanajitokeza. Tuseme ni dola 150 zilezile: upande wa nyumba unachukua 75, upande wa mteja 75. Wa katikati akidai haki yake, kila mmoja anabaki na 50. Na yule kijana aliyetembea juani siku nne na mteja, kama alikuwa na rafiki wawili waliomsaidia kutafuta, anaweza kurudi nyumbani na dola 20 hivi. Mpangaji ametoa mshahara wa mwezi wa mtu. Aliyemtumikia kwa miguu amepata pesa ya unga.

Hakuna karatasi inayoonyesha mgawo huo. Unafanyika nyuma ya ukuta au pembeni ya barabara, mara nyingine kwa kelele. Mpangaji anaona watu wanne aliokuwa hawajui wakigombana juu ya pesa yake, na anafunga mlango.

Wapo watakaosema: hayo ni mambo yao, yanamhusu nini mpangaji? Yanamhusu sana. Ile pesa ya mwendo inayochukiza watu imezaliwa na mgawo mbaya. Kijana anayejua kwamba mwisho wa safari atapata sehemu ndogo, au atadhulumiwa kabisa na mwenye ufunguo, anatafuta riziki yake mwanzoni. Kila ziara ni dola 5, au 10 kwa mteja anayeonekana kuwa na uwezo. Basi hana sababu ya kumpeleka moja kwa moja kwenye nyumba inayomfaa. Anampeleka kwanza kwenye ile isiyo na maji, kesho kwenye ile ambayo tayari imeshapangwa, keshokutwa kwenye ile ya bei mara mbili. "Mama, ile ya leo iko muzuri kabisa, tuende tu." Ziara tatu, pesa mara tatu. Si kila komisyoneri anafanya hivyo, lakini mfumo unamlipa anayefanya hivyo kuliko anayefanya kazi safi.

Kuna na ubaya wa pili. Kwa kuwa komisyo inahesabiwa kwa kodi ya mwezi, kodi ikipanda kutoka 150 hadi 180, kila mtu kwenye mnyororo anapata zaidi. Wa upande wa nyumba anafurahi. Wa upande wa mteja naye anafurahi. Anayelipa wote hao hana hata mmoja wa kumsemea bei ishuke. Kwenye uuzaji wa parseli ni vibaya zaidi. Huko wengi wanaomba asilimia 10 ya bei, na juu yake kuna mchezo unaojulikana na kila mtu: mwenye parseli anataka dola 20.000, mnunuzi anaambiwa 24.000, na tofauti inagawanywa kimyakimya. Mwenye parseli anaamini amelipa komisyo moja. Mnunuzi amelipa nyingine bila kujua.

Haki itendeke kwa makomisyoneri pia. Wengi wao ni vijana, baadhi wana diploma mfukoni na hawakupata kazi. Wanatembea kutwa nzima, wananunua krediti ya simu, wanalipa pikipiki, na wateja wenyewe si malaika. Anayeonyeshwa nyumba mchana anaweza kurudi usiku peke yake, akagonga kwa mwenye nyumba na kusema: "Papa, tumalizane sisi wawili, hakuna haja ya komisyoneri." Mwenye nyumba anakubali, na kijana wa watu amepoteza juma zima. Kwa hiyo wanaficha anwani, wanamshika mteja mkono mpaka mlangoni, wanadai pesa mapema. Kila upande unajilinda dhidi ya mwingine, na gharama ya kujilinda huko inaongezwa kwenye bei ya nyumba.

Si makomisyoneri wa chini ya mti peke yao. Siku hizi kuna ajansi zenye ofisi, bango la rangi na kurasa za Facebook. Zimeleta nafuu kidogo, kwa sababu angalau zina mahali pa kwenda kuuliza. Lakini vijana wanaozungusha wateja kwa jina la ajansi, wengi hawana mshahara wala mkataba. Wanapewa sehemu ya komisyo, ajansi inabaki na sehemu nyingine, mara nyingi ile kubwa. Sababu inayotolewa ni kwamba ajansi inalipa ofisi, umeme, matangazo na kodi za serikali. Sababu hiyo si ya uongo. Ila haitoshi.

Nchini Marekani, ambako familia nyingi za Wakongomani zimehamia miaka hii ya karibuni, mgawo kati ya ajansi na wakala ni jambo la kawaida linaloandikwa kwenye mkataba. Wakala mpya anaweza kuanza na nusu kwa nusu. Kampuni ya Keller Williams inajulikana kwa mgawo wa 70 kwa 30 wenye kikomo, yaani wakala akishatoa kiasi kilichopangwa kwa mwaka, sehemu hiyo haikatwi tena. RE/MAX, iliyoanzishwa Denver mwaka 1973, ilijenga jina lake kwa njia nyingine: wakala anabaki na karibu komisyo yote, lakini kila mwezi analipia nafasi yake ofisini, awe ameuza au hajauza. Kwa hiyo mabishano juu ya asilimia yapo huko pia, na mawakala wanahama kutoka ajansi moja kwenda nyingine kwa sababu hiyo.

Kuna kitu kimoja kinachobeba mgawo huo, na ndicho kinachokosekana hapa kwetu. Huko, wakala wa kawaida haruhusiwi kupokea komisyo moja kwa moja kutoka kwa mteja. Pesa inapita kwa mkuu wa ajansi mwenye leseni, ambaye ndiye anamlipa wakala. Na huyo mkuu anawajibika kwa yale anayotenda wakala wake. Wakala akidanganya mteja, ajansi inaweza kushtakiwa na leseni inaweza kupotea. Sehemu inayokatwa na ajansi inanunua dhamana hiyo, pamoja na bango na umeme.

Hapa kwetu ajansi inakata sehemu yake bila dhamana. Mpangaji akigundua kwamba nyumba ileile imepangishwa kwa watu wawili, au kwamba aliyejiita mwenye nyumba ni shemeji yake tu, anarudi ofisini na kujibiwa: "Yule kijana si mtu wetu." Siku ya kugawana pesa alikuwa mtu wao.

Isisemwe kwamba Wamarekani ni mfano safi. Kwa miaka mingi muuzaji wa nyumba ndiye alikuwa analipa komisyo ya pande mbili, kwa kawaida asilimia 5 au 6 kwa jumla, na wakala wake anampa nusu wakala wa mnunuzi. Mnunuzi aliambiwa huduma yake ni ya bure, huku gharama ikiwa imo ndani ya bei ya nyumba. Tarehe 31 Oktoba 2023, baraza la wazee wa mahakama huko Kansas City liliamua kwamba chama cha taifa cha mawakala na baadhi ya kampuni kubwa walikula njama ya kuzuia komisyo isishuke, na fidia ikahesabiwa karibu dola bilioni 1,8. Mwezi Machi 2024 chama hicho kilikubali kulipa dola milioni 418 na kubadilisha kanuni zake. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, wakala wanaofuata kanuni hizo hawawezi kumpeleka mnunuzi kutazama nyumba kabla ya kuandikiana naye mkataba unaosema wakala atalipwa kiasi gani.

Kwa hiyo hata kwenye nchi yenye leseni na mahakama, mgawo uliofichwa ulimuumiza mtu aliyekuwa hauoni. Dawa iliyotumika haikuwa kukataza komisyo. Ilikuwa karatasi, kabla ya ziara ya kwanza.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi upande wa nyumba za kupanga. Tangu tarehe 1 Juni 2015, sheria yao inasema aliyemwita wakala ndiye anamlipa. Mwenye nyumba akimpa wakala kazi ya kumtafutia mpangaji, hawezi kumrushia mpangaji gharama hiyo.

Kongo ina sheria juu ya kupanga nyumba, ile namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ambayo iliweka garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Kila mtu anajua inavyoheshimiwa. Kuna wenye nyumba Lubumbashi wanaodai miezi sita bila aibu, na Kinshasa hata miezi 10 si jambo la kushangaza. Basi kutunga sheria mpya juu ya komisyo na kuiacha kabatini kungekuwa kupoteza muda wa wabunge. Ni afadhali kuanza chini, pale mambo yanapoweza kuonekana kwa macho.

Shefu wa kartie anawajua makomisyoneri wa eneo lake, au anaweza kuwajua ndani ya wiki moja. Komini inaweza kuwaandikisha kwa bei ndogo na kuwapa kadi yenye picha, bila kugeuza kadi hiyo kuwa kodi nyingine ya kuwasumbua. Kila anayepokea komisyo aandike risiti yenye jina lake, namba ya kadi, anwani ya nyumba, na majina ya wote walioshiriki pamoja na sehemu ya kila mmoja. Ajansi ambayo jina lake liko kwenye risiti ijibu nyumba ikileta matatizo, kwa kiasi kilekile ilichopokea angalau. Kijana aliyetembea na mteja naye atakuwa na ushahidi kwamba alifanya kazi, na mwenye ufunguo hatamfukuza na dola 10.

Pesa ya mwendo, ikibaki, iwe moja tu kwa mteja mmoja, na ikatwe kwenye komisyo nyumba ikipatikana. Makomisyoneri watapiga kelele. Wataacha wakiona kwamba sehemu yao ya mwisho ni ya uhakika.

Linabaki swali gumu, la nani alipe. Leo mpangaji analipa watu wawili, watatu, wanne, na mmoja kati yao anamtumikia mwenye nyumba waziwazi. Mwenye nyumba akilipa wa kwake, itasemwa kwamba ataongeza kodi ili ajirudishie. Huenda. Lakini mtu anayelipa kwa mfuko wake anachagua. Atampa kazi komisyoneri mmoja anayemwamini badala ya kuacha habari ya nyumba izunguke kartie nzima, na atauliza kwa nini atoe mwezi mzima kwa kazi ya siku tatu. Mpangaji hawezi kuuliza swali hilo, kwa sababu wakati wa kulipa komisyo ameshatoa garanti, mizigo yake iko juu ya gari mlangoni, na ufunguo bado uko mkononi mwa mwingine.