Kutu ya Sakafu ya Gari Nayo Ni Deni

Ndugu zangu tunaotafuta riziki huku Washington, Maryland na Virginia, leo tuache kidogo habari za kutuma hela tuzungumzie kitu kilicho chini ya miguu yako unapoendesha: sakafu ya gari. Mimi ni mhasibu, si fundi. Lakini kila nikikaa na watu kupanga bajeti naona kodi ya nyumba, bima, mafuta, hela ya upatu na ya kutuma nyumbani. Hela ya kulilinda gari lenyewe haipo. Msimamo wangu ni huu: gari kuukuu lenye sakafu nzima ni akiba, na ukiliacha lioze unakula hela ambayo ingefika nyumbani.

Najua utaniambia, "Gari lenyewe lina miaka 15, la nini kulihangaikia?" Usiangalie bei ya gari, angalia kazi linayokupeleka. Dada anayelea watoto Potomac au Great Falls hana treni ya Metro ya kumfikisha huko. Kaka anayetakiwa saiti saa 12 asubuhi na mzigo wa zana hawezi kutegemea basi. Gari likilala, kazi inayumba, na ada ya mtoto kule Tanga au Kisumu haisubiri.

Sasa tupige hesabu. Tuseme umeliacha hilo kuukuu, ukakopa dola 12,000 kwa riba ya asilimia 14, ulipe kwa miaka 5. Kila mwezi zinatoka kama dola 279, na mpaka unamaliza, riba peke yake imepita dola 4,700. Mkopeshaji naye kwa kawaida atataka bima kubwa, si ile ya chini inayotakiwa na sheria. Ukiwa Virginia, kaunti inatoza kodi ya gari kila mwaka kulingana na thamani yake, kwa hiyo gari la bei kubwa lina kodi kubwa. Upande wa pili weka gharama ya kuosha chini ya gari mara kadhaa kila msimu wa baridi, mati za mpira, na makopo machache ya dawa na rangi. Jumla yake haifiki hata malipo ya mwezi mmoja ya mkopo huo.

Adui yetu hapa ni chumvi. Kabla theluji haijaanguka, magari ya barabara hupita Beltway na I-95 yakimwaga maji ya chumvi. Ile mistari myeupe unayoiona lami ikikauka ndiyo hiyo. Chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Waliokulia Mombasa au Unguja wanajua upepo wa bahari unavyokula mabati. Huku bahari tunaiendesha juu yake.

Wengi hawajui kwamba sakafu huoza kutokea ndani pia. Unaingia na buti zenye theluji na chumvi, inayeyuka, inazama kwenye kapeti, na sponji ya chini inakaa na unyevu wiki nzima. Maji mengine huingia kwa mpira wa mlango uliochanika, au bomba la maji ya kiyoyozi likiziba. Kwa hiyo harufu ya uvundo ndani ya gari si ya kufunika na manukato. Tafuta maji yanatoka wapi.

Kinga ni rahisi. Weka mati za mpira zenye kingo, na umwage maji kila jioni. Baada ya theluji, siku ambayo hakuna barafu, pita sehemu ya kuosha inayopiga maji chini ya gari. Osho la juu tu ni urembo. Mwezi wa nne, baridi ikiisha, inua kapeti uikaushe kabisa. Chini ya milango kuna vitundu vya kutolea maji. Visafishe, na usivizibe kamwe.

Ukikuta kutu ya juu juu, chuma bado kigumu, isugue kwa brashi ya waya na msasa. Futa vumbi, paka dawa ya kugeuza kutu kama kopo linavyoelekeza, acha ikauke, kisha praima na rangi, na upande wa chini umalizie na rangi nzito ya kukinga. Vaa miwani na barakoa. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma. Na usipake ile rangi nzito nyeusi juu ya kutu mbichi yenye unyevu. Utaufungia ugonjwa ndani, na mficha maradhi kilio humuumbua.

Gonga na bisibisi. Ikizama au ikitoboa, hapo si kazi ya kopo tena. Bati lililooza linakatwa na jipya linachomelewa na fundi, kapeti na viti vikiwa vimetolewa, kwa sababu moto wa kuchomelea karibu na bomba la mafuta si mchezo. Tundu la sakafu halileti maji tu: moshi wa ekzosi unaweza kupanda ndani, na kaboni monoksaidi haina harufu. Kama kuoza kumefika kwenye chasisi, au pale kiti na mkanda vilipofungwa, omba makisio ya mafundi wawili. Gharama ikizidi thamani ya gari, acha. Kuokoa gari kusigeuke kumwaga hela shimoni.

Na ukinunua gari la mkononi, usidhani serikali imekukagulia. Virginia hukagua usalama wa magari kila mwaka. Maryland hukagua gari kuukuu linapobadilisha mmiliki. Washington yenyewe iliacha kukagua usalama wa magari ya binafsi mwaka 2009, ikabaki na kupima moshi. Kwa hiyo inua kapeti mwenyewe, chuchumaa uangalie chini. Gari kuukuu lenye rangi nyeusi mpya chini, muulize muuzaji anaficha nini, na umlipe fundi wako alinyanyue kabla hujatoa hela.

Ninachowaomba ni kitu kidogo. Kwenye bajeti, chini ya mstari wa "nyumbani", ongeza mstari wa "gari": dola 20 kila mwezi, zikae pembeni kama hela ya upatu. Kwa mwaka ni dola 240. Mama hatalala njaa kwa sababu ya dola 20. Ila siku gari litakapokushinda ghafla, hiyo 279 ya kila mwezi itakatwa kwenye fungu lake yeye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.