Neno la Mhariri: Waulize Kabla Hujabonyeza

Mwaka 2008, Derek Muller, ambaye leo anajulikana duniani kwa chaneli yake ya Veritasium, alimaliza udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Sydney kwa utafiti ambao ningependa kila mwalimu wa Bukavu aujue. Aliwaonyesha wanafunzi video fupi ya fizikia kuhusu nguvu zinazoufanyia kazi mpira uliorushwa juu. Video yenyewe haikuwa na doa: maelezo ya moja kwa moja, michoro safi, hakuna kosa. Wanafunzi waliisifu kwamba inaeleweka. Kisha wakapewa mtihani. Kabla ya video wastani wao ulikuwa alama 6 kati ya 26. Baada ya video ulikuwa 6.3. Tena walitoka wakiyaamini makosa yao kuliko walivyoingia.

Wengine walionyeshwa video ya namna tofauti. Humo watu wawili wanabishana: mmoja anatoa jibu ambalo wengi wetu tungelitoa, mwenzake anambana, jibu linavunjika mbele ya macho yao, ndipo jibu la kweli linapotokea. Wanafunzi hao walilalamika kwamba inachanganya. Wastani wao ulipanda hadi karibu 11.

Ninaliweka jambo hili mlangoni mwa toleo zima kwa sababu linagusa udhaifu wetu kabisa. Mwanafunzi haji darasani na kichwa kitupu. Ana maelezo yake tayari juu ya radi, ugonjwa, mpira unaoanguka, moto wa volkano ya Nyiragongo. Video iliyonyooka mno inapita juu ya maelezo hayo bila kuyagusa. Mtoto anaona picha, anasikia maneno anayoyafahamu nusu nusu, anachukua yale yanayolingana na alichokuwa akiamini, na anatikisa kichwa kwamba amekubali. Sisi tunadhani ameelewa.

Tuseme ukweli jinsi mambo yanavyokwenda katika shule zetu nyingi. Siku umeme wa shirika la SNEL unapokuwepo, mwalimu anakuja na kompyuta moja, au simu yake mwenyewe, na mega za intaneti alizonunua kwa pesa ya mfukoni. Watoto zaidi ya hamsini wanasongamana, wa nyuma wanapanda juu ya madawati. Video ina dakika ishirini, msemaji ni wa Paris au Montréal na Kifaransa chake kinakwenda mbio. Inapoisha mwalimu anauliza: «Mmeelewa?» Darasa zima linajibu: «Ndiyo, mwalimu!» Kengele inalia. Mega zimekwisha, saa imekwisha, na hakuna anayejua nini kimeingia katika vichwa vile.

Hoja yangu ni moja. Usibonyeze kabla kila mtoto hajaandika kwenye daftari lake anachofikiri kitatokea. Video ije kumjibu mtu aliyekwisha kusema neno lake, maana huyo ana sababu ya kuitazama.

Tuchukue somo la kemia kuhusu gesi zinazoyeyuka ndani ya maji. Mji gani duniani una haki ya kulifundisha somo hilo kuliko wetu? Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 400, na katika maji yake ya chini zimelala gesi nyingi mno: methani inayokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 60, na hewa ya ukaa mara kadhaa zaidi ya hiyo. Ng'ambo, karibu na Kibuye nchini Rwanda, mtambo wa KivuWatt unazalisha megawati 26 za umeme kwa methani hiyo. Watoto wetu wanateka maji ziwani, wanafua humo, wanapanda meli za Goma juu yake.

Anza na chupa ya soda, bila skrini yoyote. Iinue juu wote waione ikiwa imefungwa: hakuna viputo. Fungua: viputo vinapanda. Uliza gesi ilikuwa wapi, na kwa nini imengoja kizibo kitoke. Waache wabishane kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa lugha yoyote watakayoipata haraka. Kisha chora ziwa ubaoni na bomba refu lililosimama toka juu hadi karibu na chini, halafu toa swali hili: tukiyavuta maji ya chini kwa pampu mpaka yafike juu, kisha tukaizima pampu, nini kitatokea? Yatarudi chini? Yatasimama? Yataendelea kupanda? Kila mmoja aandike jibu lake na sababu yake, kisha wanyooshe mikono, na wewe uandike hesabu ya kila jibu ubaoni.

Sasa toa simu. Nchini Kameruni kuna ziwa Nyos, ambalo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitapika hewa ya ukaa na kuua watu zaidi ya 1,700 katika vijiji vya bondeni. Mwaka 2001 wahandisi walishusha humo bomba la mita 203 ili kuitoa gesi polepole. Pampu iliyaanzisha maji, kisha ikazimwa, na maji yakaendelea kuruka yenyewe hadi mita 50 hivi juu ya ziwa. Video za chemchemi hiyo zipo mtandaoni na dakika moja inatosha. Onyesha, kisha simamisha na urudi kwenye hesabu zilizo ubaoni. Walioandika kwamba maji yatarudi chini sasa wana deni la maelezo, na hapo ndipo fizikia inapoingia: maji yanapopanda, uzito ulioibana gesi unapungua, viputo vinafumka, maji yenye viputo ni mepesi kuliko maji yaliyo nje ya bomba, kwa hiyo yanasukumwa juu na kuvuta mengine nyuma yake. Darasa limeona sheria ya gesi ikifanya kazi, na limeelewa kwa nini wataalamu hawalali usingizi kwa sababu ya ziwa letu.

Video ilichukua dakika moja katika saa nzima, na sehemu yake ilikuwa kutoa hukumu katika kesi ambayo watoto wenyewe waliifungua.

Nina pendekezo la pili, na najua baadhi ya wenzangu hawatalipenda: mara ya kwanza onyesheni video bila sauti. Mtoto wa mwaka wa kwanza wa sekondari anayepambana na Kifaransa anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, lugha na jambo lenyewe, na wa kwanza kuanguka ni jambo lenyewe. Zima sauti, wewe ndiye uwe sauti. Waulize wanaona nini. Wakisha kulishika jambo, rudisha video kwa Kifaransa, kwa sababu mtihani wa mwisho utawangoja kwa Kifaransa na hatuna haki ya kuwanyima lugha hiyo. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, kwa hiyo mwalimu anayeeleza kwa Kiswahili hajavunja chochote.

Vilevile kuna vitu ambavyo havihitaji video hata kidogo. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini, na maji yake yanaendesha mitambo ya umeme muda mfupi baada ya kutuacha. Mmomonyoko wa udongo mtoto wa mtaa wa Kadutu anauona nyuma ya nyumba yao kila msimu wa mvua. Kumwonyesha mmomonyoko wa nchi nyingine kwenye skrini wakati korongo liko umbali wa mita mia ni kumfundisha kwamba elimu inaishi mbali naye. Mtoe nje na daftari. Mega zako zitunze kwa yale ambayo jicho haliwezi kuyafikia: seli, moyo unaopiga, tumbo la volkano.

Kuhusu intaneti nitasema kwa ufupi, maana makala za ndani zinaeleza hatua kwa hatua. Kolibri na Kiwix ni programu za bure zinazofanya kazi bila mtandao: ukizipakua mara moja, masomo au Wikipedia nzima vinabaki kwenye kompyuta ya shule. Majaribio ya sayansi ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nayo yanapakuliwa na kufunguka hata kwenye simu, na mengine yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Hayo nayapenda kuliko video, kwa sababu mtoto mwenyewe anasogeza, anakosea, anajaribu tena.

Kwa waheshimiwa maprefe wa shule na wafadhili wanaopenda kukabidhi vifaa mbele ya kamera nina neno la upole lakini zito. Peru iligawa kompyuta za watoto, mamia ya maelfu, bila kubadili namna ya kufundisha. Utafiti wa mwaka 2012 haukuona watoto wakisonga mbele katika hesabu wala katika kusoma. Côte d'Ivoire ilipeleka televisheni katika shule za msingi tangu 1971, masomo yakitengenezwa Bouaké, na mwaka 1982 mpango ukafungwa. Televisheni ile haikuweza kusimamishwa. Saa ya kipindi ilipofika, ilisema na kwenda zake, mwalimu wa kijijini akabaki msimamizi wa nidhamu. Simu iliyo mfukoni mwako inasimama ukiigusa. Anayetaka kutusaidia anunue paneli ya jua ya kuchajia, lakini pia alipie siku za walimu kukaa pamoja, kutazama video moja, na kuandaa maswali yake.

Naomba pia tuache kuwapiga watoto picha wakiwa mbele ya skrini na kuzitupa Facebook ili kuwafurahisha watu wa mbali. Katika mkoa wetu, sura ya mtoto, jina la shule na jina la mtaa vikikaa pamoja mtandaoni ni hatari ambayo mzazi hakuikubali.

Katika kurasa zinazofuata mtakuta masomo ambayo walimu wa Ibanda, Kadutu na Bagira wameyajaribu. Kwa toleo lijalo msitutumie majina ya video nzuri, tunayo ya kutosha. Tutumieni swali mliloliuliza kabla ya kubonyeza, na majibu ya makosa ambayo watoto waliyatoa, kama walivyoyasema, kwa lugha waliyoitumia. Majibu hayo tutayachapa yote.