Ramani mpya, vigae vya zamani

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, wilayani Kilwa. Siku kama ile dereva wa lori aliyeko Mtwara anataka kujua jambo moja tu: panapitika au hapapitiki? Ofisi yenye ramani mtandaoni inaweza kuwa imeshaingiza taarifa kwenye hifadhidata tangu alfajiri, na bado simu ya dereva ikamwonyesha barabara nzima hadi Dar es Salaam. Data iko sahihi. Kinachodanganya ni akiba.

Ramani nyingi za mtandaoni hazichorwi upya kila mtu anapozifungua. Hukatwa vigae vya picha, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256, vikachorwa na kuhifadhiwa; hifadhi hiyo ndiyo akiba. Kila ngazi ya kukuza ina vigae mara nne ya iliyotangulia: kwa dunia nzima, ngazi ya 10 ina vigae 1,048,576, ya 18 inapita bilioni 68. Bila akiba, seva ingeelemewa siku ile ile watu wanapoihitaji zaidi. Ugomvi wetu ni na mipangilio yake, ambayo huwekwa siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akapigiwa makofi, na hakuna anayeigusa tena.

Mfano ni seva za ArcGIS, zinazotumika katika ofisi nyingi. Fundi anaposasisha akiba anaweza kuagiza vigae vyote vichorwe upya, au vile visivyokuwepo tu. Akichagua hili la pili, vigae vya zamani vitaachwa kama vilivyo, maana vipo. Kazi inaisha, seva inaandika kwamba imefaulu, na barabara bado haijakatika. Kasoro nyingine huonekana ukikuza. Kwa mbali barabara imekatika; ukisogea hadi ulione daraja, imeunganika tena! Usitafute mchawi. Ngazi za karibu ndizo zenye vigae vingi, na aliyeanzisha kazi aliziruka ili amalize mapema.

Kupima si kugumu. Fungua ramani kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Ikija mpya, nakala ya zamani imo kwenye kifaa chako. Ikija ile ile, iulize seva data ya tabaka lenyewe bila kupitia vigae. Jibu likiwa sahihi, vigae vimepitwa na wakati, ama kwenye seva, ama kwenye mitandao ya usambazaji inayoshika nakala njiani. Likiwa si sahihi, mabadiliko hayajachapishwa kabisa, na hapo akiba isisingiziwe.

Jambo linalosahauliwa ni muda wa kuisha. Kigae kilichotolewa na agizo la sekunde 604,800 kinaruhusiwa kukaa kwenye simu siku 7. Fundi akipunguza muda huo leo, simu iliyokipokea jana haina habari. Inafuata masharti ya jana. Dawa ni kubadili anwani ya vigae, hata kwa kuongeza namba ya toleo tu, ili simu ilazimike kuomba vipya. Kumwambia mwananchi "futa akiba ya simu yako" ni kumtwisha kazi ya ofisi, tena akiwa njiani na bando lake mwenyewe.

Njia bora ipo. Kwenye OpenStreetMap, mtu akihariri mtaa, vigae vinavyougusa huwekwa alama kuwa vimepitwa na wakati, kisha hupangiwa kuchorwa upya. Dunia nzima haisumbuliwi. Humo ndimo vijana wa Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, walimoingiza mitaa na mifereji ya maeneo yanayofurika.

Mamlaka na halmashauri zenye ramani mtandaoni ziige hilo: zisasishe eneo lililobadilika, ngazi zote, siku hiyo hiyo. Barabara na mafuriko viwe tabaka la peke yake, ambalo akiba yake haizidi saa moja wakati wa masika. Mipaka ya wilaya inaweza kungoja. Na pembeni mwa kila ramani iandikwe tarehe na saa vigae vilipochorwa, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu.