Simba Amezaliwa Upya, Ulimi Wake Uko Wapi?



Yako maneno yanayozidi kusikika miongoni mwetu, hapa Arua na kule Koboko, ambayo hayafai kuachwa yapite bila kujibiwa. Husemwa kwamba filamu za vibonzo za zamani, zinapotengenezwa upya kwa ajili ya kizazi kipya, zinatupunguzia kazi: mtoto ataitazama "The Lion King", iwe ile ya mwaka 1994 au ile ya mwaka 2019, naye atainuka akiwa amejifunza Kiswahili. Hoja hii ni tamu masikioni, lakini ndani ni tupu.

Tuitazame filamu yenyewe. Simba anaitwa Simba, nyani anaitwa Rafiki, ngiri anaitwa Pumbaa. Wakifungua vinywa, husema Kiingereza. Kiswahili kimepewa kazi ya shanga: kinavaliwa shingoni ili mvaaji apendeze. Ilipotengenezwa upya, fisi Banzai na Ed waliwapisha Kamari na Azizi. Mwanafunzi wangu mmoja wa Koboko aliniuliza kama fisi yule ni mcheza kamari. Nilikosa jibu. Na usemi "hakuna matata", ulioimbwa na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa tangu mwaka 1982, kampuni ya Disney iliusajili huko Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake ya biashara kwenye mavazi. Mwenye mali amegeuzwa mgeni nyumbani mwake!

Je, ninapinga hadithi kutengenezwa upya? La hasha! Hadithi isiyosimuliwa upya hufa. Bibi anayemsimulia mjukuu habari za Sungura na Fisi harudii neno kwa neno aliyoyasikia utotoni. Huongeza, hupunguza, humtia Sungura ujanja wa siku hizi. Swali ni hili: nani anaitengeneza upya, kwa lugha gani, na kwa ajili ya mtoto yupi?

Kwetu West Nile swali hilo lina uzito wa pekee. Kiswahili kilitujia kwa njia ya kambi za askari. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Alipoangushwa mwaka 1979, lugha ikaachwa na harufu ya baruti. Hadi leo mzazi wa Arua huweza kupatana bei kwa Kiswahili, hata akivuka mpaka kwenda soko la Ariwara nchini Kongo, lakini jioni hamsimulii mwanawe hadithi kwa lugha hiyo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri imefika, hadithi bado. Mtoto anayekijua Kiswahili cha soko, cha kambi na cha majina ya fisi, atakipenda kwa lipi?

Wako watakaosema kwamba hatuna uwezo. Waitazame Tanzania. Tangu mwaka 2014 vibonzo vya "Ubongo Kids", vilivyoanzia Dar es Salaam, vimefundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na wanyama wake huzungumza na kuimba kwa lugha hiyo hiyo.

Nasi tunazo hadithi. Walugbara wanao Jaki na Dribidu, mashujaa ambao masimulizi huwahusisha na milima ya Liru na Eti. Wakakwa wanazo zao, Wanubi wanazo zao. Kila mwalimu na amtume mwanafunzi wake kwa bibi akalete hadithi moja. Isimuliwe darasani kwa Kiswahili, kisha ichorwe daftarini, picha baada ya picha. Filamu ya vibonzo, hata iwe ya mamilioni, huanza kwa penseli na msimulizi. Penseli tunazo. Tukikaa kimya, wajukuu wetu watamjua Simba kwa jina tu, naye atawanguruma kwa Kiingereza.