Bresi Hufungwa Nyumbani: Mzazi Afundishwe Kabla ya Kulaumiwa

Mtoto aliyezaliwa na nyayo za kupinda, hali ambayo wengi huiita miguu kifundo, hutibiwa kwa hatua mbili. Ya kwanza hufanyika hospitalini. Kila wiki mtaalamu huunyoosha unyayo taratibu na kuushikilia kwa plasta, au hogo kama watu wengi wasemavyo. Kwa watoto wengi plasta tano au sita hutosha. Kisha, kwa walio wengi, kano ya kisigino hukatwa kwa kijitundu kidogo, na plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Hatua ya pili hufanyika nyumbani, kwa mikono ya mzazi, nayo huchukua miaka. Mtoto huvishwa bresi, yaani viatu viwili vilivyofungwa kwenye ufito mmoja. Kwa miezi mitatu ya kwanza huvaa kwa saa 23 kila siku. Baada ya hapo huvaa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, hadi afikishe umri wa miaka minne au mitano.

Hatua ya kwanza ina daktari, kadi ya kliniki na tarehe ya kurudi. Ya pili ina mama, taa ya chumbani na mtoto anayelia. Hata hivyo, hatua hii ya pili ndiyo inayoamua iwapo mtoto atatembea kwa nyayo zilizonyooka au ataanza upya. Mwaka 2004 madaktari wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alikofanya kazi Ignacio Ponseti aliyebuni tiba hii, walichapisha taarifa ya wagonjwa wao. Pale ambapo familia zilifuata masharti ya bresi, nyayo zilirudi kupinda kwa watoto wapatao 6 kati ya 100. Pale ambapo masharti hayakufuatwa, zilirudi kwa zaidi ya 80 kati ya 100. Hakuna dawa wala upasuaji unaoweza kuziba pengo hilo kwa urahisi kama mkanda uliofungwa vizuri.

Mzazi anayeishi Katesh, chini ya Mlima Hanang, yuko mbali na karakana za viungo bandia. Kwenda Moshi, kwenye hospitali ya KCMC na chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi sanifu wa viungo bandia, hupita Babati na Arusha. Safari hiyo hudai nauli, malazi na siku za kazi shambani. Sasa tuseme ni jioni, upepo baridi umeanza kushuka mlimani, na mama anamwandaa mtoto kulala. Anagundua kuwa skrubu ya kiatu cha kulia imelegea, na kiatu kinazunguka kwenye ufito kama mlango uliovunjika bawaba. Afanye nini? Anaweza kusubiri tarehe ya kliniki, mtoto akikaa wiki tatu bila bresi. Anaweza kwenda kwa fundi baiskeli, ambaye atakaza vizuri sana lakini hajui kiatu kilikuwa kimeelekea wapi. Au anaweza kukaza mwenyewe, ikiwa tu kuna mtu aliyemwonyesha namna ya kufanya hivyo.

Mara nyingi hakuna aliyemwonyesha. Mzazi huambiwa tu, “Avae saa 23,” na akirudi na mtoto ambaye unyayo umeanza kugeukia ndani, huandikwa kwenye faili kuwa hakufuata maelekezo. Hukumu hiyo ni nyepesi kuandika, lakini si ya haki. Maelekezo yaliyotolewa kwa mdomo, kwa dakika mbili, huku foleni ikisubiri nje ya mlango, hayajamfundisha mtu kazi ya mikono. Hakuna muuguzi aliyejifunza kuchoma sindano kwa kusikiliza maelezo peke yake.

Na kufunga bresi ni kazi ya mikono kwelikweli. Soksi ya pamba huvishwa kwanza, bila mikunjo. Mguu huingizwa, kisha mkanda wa kifundo hukazwa kabla ya kamba, kwa sababu mkanda ndio unaokishikilia kisigino chini. Kamba hufuata, zikibana bila kuzuia damu. Vidole vyote vitazamwe kuwa vimenyooka. Baada ya hapo mzazi ashike mguu chini ya goti na kuuvuta juu na chini polepole. Vidole vikisogea mbele na nyuma ndani ya kiatu, kisigino hakijakaa, na kazi ianze upya. Alama ya kalamu kwenye soli ya ndani, mahali vidole vinapofika kisigino kikiwa chini, humsaidia mzazi kujua kila siku kama amefunga sawa. Lakini asiweke alama kwenye tundu la mkanda, kwani ngozi hunyumbuka, na tundu lililofaa mwezi uliopita litakuwa limelegea mwezi huu.

Hapa ndipo huruma ya mzazi asiyefundishwa inapomponza. Akiona wekundu mkali au lengelenge nyuma ya kisigino, hudhani kiatu kimebana, naye hukilegeza. Kwa kawaida ukweli ni kinyume chake. Kiatu kilicholegea ndicho kinachoruhusu kisigino kupanda na kushuka usiku kucha na kusugua ngozi. Kila anapolegeza, kidonda huongezeka, na hatimaye bresi huvuliwa kabisa. Kupaka mafuta mahali penye wekundu nako hulainisha ngozi na kuzidisha tatizo. Haya si mambo ambayo mzazi angeweza kuyakisia. Ni lazima aambiwe, na kabla hayajatokea.

Wapo wataalamu wanaosema kwa nia njema kwamba mzazi asiguse skrubu hata moja. Hoja yao ina uzito. Unyayo uliotibiwa hugeuzwa nje kwa nyuzi 60 hadi 70, na ule usio na tatizo, kwa mtoto mwenye mguu mmoja uliopinda, nyuzi 30 hadi 40. Umbali kati ya visigino hulingana na upana wa mabega ya mtoto. Ufito nao hupindwa kidogo ili vidole vielekee juu. Vipimo hivyo vikivurugwa, mtoto anaweza kuvaa bresi kila usiku bila faida yoyote. Lakini hoja hiyo ingetosha kama mtaalamu angekuwa jirani. Katesh, skrubu italegea mtaalamu akiwa mbali, na mkono fulani utaikaza. Kinachobaki kuamuliwa ni iwapo mkono huo utakuwa na maarifa.

Jibu ni kuweka mpaka ulio wazi kati ya kazi ya mzazi na kazi ya mtaalamu. Mzazi apewe kufunga mkanda na kamba, kufua soksi, kufunika ufito kwa kitambaa au sponji ili usimuumize mtoto wala anayemlea, kukagua skrubu mara kwa mara, na kukaza iliyolegea mahali palepale ilipokuwa. Ili apajue mahali hapo, mtaalamu achore mstari wa rangi isiyofutika unaopita kwenye soli na kwenye ufito. Mistari miwili ikikutana, kiatu kiko sawa. Kazi hiyo huchukua dakika moja na rangi kidogo. Spana au bisibisi inayolingana na skrubu hizo iende nyumbani pamoja na bresi, kwa kuwa kumpa mtu kifaa chenye skrubu bila cha kukazia ni kumpa kufuli bila ufunguo.

Kubadilisha nyuzi, kurefusha au kufupisha ufito, kukata kiatu, au kufunga viatu vingine vilivyonunuliwa mnadani, hayo yabaki kliniki. Bresi ambayo chuma chake kimechomelewa moja kwa moja haina skrubu za kulegea. Bresi ya namna hiyo ilibuniwa Uganda na Michiel Steenbeek, kwa kutumia ngozi na chuma vinavyopatikana katika karakana za kawaida za Afrika Mashariki. Ikivunjika, fundi wa kuchomelea asiiunge kwa kukisia. Ipelekwe kliniki na vipande vyake vyote.

Mzazi ajue pia dalili za kurudi kliniki bila kungoja tarehe: vidole vilivyovimba, vya baridi au vilivyobadilika rangi, kidonda, vidole vilivyopita ukingo wa kiatu kwa sababu mtoto amekua, na unyayo unaoanza kugeukia ndani. Iwapo mguu unachomoka kila siku ingawa mkanda umekazwa sawasawa, mtaalamu aupime unyayo kabla ya kumpima mzazi. Bresi haiwezi kunyoosha unyayo. Hulinda tu ulionyooka. Unyayo ambao plasta haikumaliza kuunyoosha hautatulia katika kiatu chochote, na kosa hilo si la mama.

Kuna jambo la mwisho ambalo kliniki husahau, nalo ni kwamba mama si mlezi pekee. Bibi anayebaki na mtoto mama akiwa shambani ndiye mara nyingi husikia kilio cha siku za kwanza na kusema, “Mvueni mtoto, mnamtesa.” Husema hivyo kwa upendo. Akielezwa, ikibidi kwa Kidatoga, Kiiraqw au Kinyaturu, kwamba mtoto huzoea baada ya siku chache akifundishwa kukunja na kunyoosha magoti yote mawili kwa pamoja, upendo uleule utageuka kuwa ulinzi. Baba naye ajue kufunga mkanda, ili bresi isilale kabatini usiku ambao mama anaumwa.

Kwa hiyo kipimo cha kumaliza hatua ya kwanza kisiwe plasta ya mwisho kutolewa. Kiwe mzazi kuvua na kuvisha bresi mara tatu mbele ya mhudumu, bila kusaidiwa, na kukaza skrubu iliyolegezwa makusudi mpaka mistari ya rangi ikutane. Asiyeweza, afundishwe tena bila kukemewa. Nusu saa hiyo ni ndefu katika kliniki yenye foleni, lakini ni fupi mno ikilinganishwa na plasta mpya, nauli mpya na mtoto anayerudi na unyayo uleule ulioonekana umepona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni skrubu moja, na wa kuuziba yupo nyumbani kila jioni, anasubiri kuonyeshwa.