Maumivu yasiyoonekana yasemwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumzie jambo linalowasumbua wananchi wengi wa hapa Arusha, nalo ni maumivu yasiyokwisha.

Mimi ni mkazi wa Kaloleni, lakini nilikulia upande wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Mgongo na magoti yananiuma mwaka wa 11 sasa. Kwa kuwa sina jeraha wala bandeji, kazini nimeitwa mvivu, na nyumbani wapo waliosema nimerogwa. Nami nilinyamaza, nikimeza vidonge vya dukani. Siku nilipomweleza daktari habari yangu yote, tangu maji niliyokunywa utotoni hadi magadi ya kupikia makande, ndipo alipoagiza nipigwe picha ya mifupa. Akaniambia floraidi imeikaza mifupa yangu.

Miamba ya volkano ya Meru hutia floraidi nyingi katika mito na chemchemi zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ambapo zamani kiwango cha vijijini nchini kiliruhusiwa kufika 8. Wengi tunajua kwamba floraidi hugeuza meno kuwa ya kahawia, lakini hatujui kwamba huumiza na kukaza viungo. Kuchemsha maji hakuiondoi. Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lililofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, huipunguza.

Tena, orodha ya magonjwa ya Shirika hilo iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022 inayatambua maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3. Basi huu si uvivu, wala si uchawi.

Maoni yangu ni kwamba wenye maumivu tujieleze kliniki na katika mikutano ya mitaa, na viongozi watupe nafasi hiyo. Takwimu za wataalamu ni muhimu, lakini mama akimsikia jirani yake akieleza jinsi asivyoweza kuinama kufua, hatamcheka tena, na jioni hiyo hiyo atauliza watoto wake wanakunywa maji gani.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mifupa yangu hairudi ilivyokuwa, lakini ya watoto wetu bado yaweza kuokolewa.

Msomaji wako,
Kaloleni, Arusha.