Tuifundishe India kwa Kuanzia Nyumba Moja

Zao la mahindi limebeba jina la India, ilhali asili yake ni Meksiko. Kosa hilo la jina halimdhuru mlaji. Lakini mwalimu asimamapo mbele ya watoto akawaeleza maisha ya taifa zima kwa kufuata jina na desturi ya kusema, madhara yake si haba, kwani mtoto huamini alichoambiwa na mwalimu wake, naye hukua nacho. Tunaandika haya kwa ajili ya walimu wanafunzi wanaojiandaa kufundisha somo la maisha ya watu wa India katika shule za msingi.

Aghalabu maandalio ya somo hilo huwa na sentensi za namna hii: Wahindi hula chapati, Wahindi hawali nyama, Wahindi ni wafanyabiashara. Kila sentensi ina chembe ya ukweli, lakini zikiwekwa pamoja hujenga uongo. India ina majimbo 28 na maeneo 8 yaliyo chini ya serikali kuu, na katiba yake inaorodhesha lugha 22. Punjab ni nchi ya ngano. Bengali ni nchi ya wali, na huko samaki ni kitoweo cha kawaida, kama ilivyo katika pwani ya Kerala. Ama biashara, sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba karibu watu 69 katika kila 100 waliishi vijijini, na wengi wa wanavijiji hao hutegemea jembe na mifugo, si duka.

Yatupasa kujiuliza kosa hili latoka wapi. Kwa maoni yetu, halitoki katika umbali bali katika ukaribu. Lugha yetu imepokea maneno kama chapati, gari, bima na laki kutoka ng'ambo ile ya bahari. Familia nyingi za asili ya Kihindi zilizoko Afrika Mashariki zilitoka Gujarat na Punjab, na baadhi yao walifungua maduka katika miji yetu. Basi tumeona kipande tukadhani tumeona nguo nzima. Hata chapati yenyewe ni ushahidi. Ile tunayoikunja kwa mafuta ili iwe na matabaka inafanana zaidi na mkate uitwao paratha; mkate wa kila siku wa nyumba nyingi za Punjab hupikwa kwa unga wa ngano usiokobolewa, juu ya kikaango kikavu, bila mafuta.

Yawezekana msomaji akasema: kipindi ni cha dakika 40, watoto ni wadogo, vitabu ni vichache, mwalimu hana budi kurahisisha. Tunakubali. Lakini kuna njia mbili za kurahisisha. Njia ya kwanza ni kuichukua nchi yote na kuisemea kwa neno moja. Njia ya pili ni kuchagua mahali pamoja, nyumba moja na kazi moja, kisha kuieleza kwa ukamilifu. Sisi twashauri ya pili. Mwalimu na apunguze eneo, asipunguze ukweli.

Tuchukue mfano wa asubuhi katika kijiji cha Tamil Nadu, kusini mwa India. Kabla jua halijapanda, mama au binti wa nyumba hufagia mbele ya mlango, hunyunyiza maji, kisha huchora pambo liitwalo kolam kwa unga wa mchele. Huanza kwa kupanga nukta kwa mistari, halafu huzungusha mstari mmoja mrefu kuzipitia. Unga huo huliwa na sisimizi na ndege, na kesho yake pambo jipya huchorwa. Siku hizi wengi hutumia unga wa mawe badala ya mchele. Mwalimu anaweza kuwaambia watoto wapange nukta mchangani nje ya darasa na kujaribu kuchora. Watajifunza hesabu ya maumbo, na watagundua kwa vidole vyao kwamba kazi ile yataka akili na mazoezi. Baada ya hapo hakuna mtoto atakayeicheka.

Katika kipindi kinachofuata, na tuhamie Gujarat, upande wa magharibi. Mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira waliunda ushirika wa maziwa wenye makao yake katika mji wa Anand. Mfugaji mwenye ng'ombe au nyati wa kufugwa mmoja au wawili hupeleka maziwa kituoni asubuhi na jioni. Hupimwa kiasi na mafuta yake, naye hulipwa kwa kadiri hiyo. Ushirika wa namna hiyo ulienea katika sehemu nyingine, na leo India inaongoza duniani kwa wingi wa maziwa. Watoto walinganishe nyumba hizi mbili wenyewe. Watasema bila kuambiwa kwamba watu wa India hawaishi maisha ya namna moja.

Katika kuandika, tuzingatie mambo matatu. Kwanza, kila desturi ipewe mahali pake na wakati wake. Pili, neno "baadhi" lisionewe haya, kwani ni neno la mkweli. Tatu, picha zichaguliwe kwa uangalifu: sinema za harusi na ngoma hazionyeshi Jumanne ya kawaida, wala picha za ufukara peke yake hazionyeshi watu wanaofanya kazi na kucheka.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Huenda darasani mkawa na mtoto wa asili ya Kihindi ambaye babu wa babu yake alizaliwa pwani hii. Mtoto huyo si zana ya kufundishia. Asisimamishwe aeleze "mila za kwao", kwani kwao ni hapa. Akitaka kuchangia, apewe nafasi kama wenziwe.

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu asome andalio lake kana kwamba msikilizaji ni mtoto wa Madurai au wa Anand. Je, mtoto huyo angeitambua nyumba yao? Sisi wenyewe tungechukizwa kusikia kwamba huko ng'ambo Mmakonde, Mmasai na Mswahili wa Lamu wamefundishwa kuwa ni watu wamoja wenye chakula kimoja na ngoma moja. Haki tunayoidai kwa watoto wetu ndiyo tunayodaiwa na watoto wa wengine.